Hatua Kumi na Moja kwa Saba

Miaka ishirini na sita nilikula kwa fyekeo.
Halmashauri ilinipa buti, koti la mvua
na amri moja: pawe pafupi, pawe peupe.
Nikafyeka kandokando ya Barabara ya Jogoo,
mzunguko baada ya mzunguko, masika na kipupwe,
na kila kilichochanua bila ruhusa
nilikiita gugu,
nikaenda zangu kunywa chai.

Sasa nimestaafu. Nje ya mlango wangu hapa Jericho
nina shamba la hatua kumi na moja kwa saba.
Nimelipima kwa buti zilezile.

Kwanza niliing'oa lantana.
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu alikuja na jembe lake mwenyewe
akalima hadi kizingitini.
Nikaondoa nyasi za kapeti, zinazokunywa maji kama mtu wa homa
na hazimlishi hata panzi.
Udongo ukabaki uchi, mweusi, wa kunata,
wiki tatu wapita njia wakiniuliza nazika nani.

Nikapanda mukinduri, mche wa urefu wa kiganja,
kutoka kitalu cha Nyamoita kule karibu na reli.
Nikapanda mshubiri. Mnavu ukajiotea, haukungoja kualikwa.
Nikapanda lile ua la chungwa linalovaa bangili
ngazi kwa ngazi hadi kileleni.
Jina lake la kitabuni silijui.
Utotoni, kule Butere, tulilichomoa tukanyonya kitako chake,
tukishindana na chozi
nani atawahi asali kabla umande haujakauka.

Katibu wa wapangaji, Bwana Ogutu, akaniandikia barua.
Kichaka, alisema, huleta nyoka, mbu na aibu.
Barua nzuri, kila nukta mahali pake.
Alipokuja mwenyewe akauliza kama sina fyekeo.
Ninalo. Limetundikwa ukutani, buibui amefuma
kutoka mpini hadi ncha,
na mimi sina barua ya kumhamisha.

Nisiseme uongo: Julai ilinitia shaka.
Baridi, ukungu, hakuna hata nyuki wa kuulizia njia.
Majani ya mukinduri yakaingia matundu,
na mkono wangu, mkono ule wa zamani,
ukaenda wenyewe kutafuta dawa.
Kichupa nilikikuta uvunguni. Nikakitikisa.
Kisha nikamwona: kiwavi wa kijani, kichwa chenye pembe,
anakula ukingo wa jani bila haraka,
kama mtu aliyetumiwa kadi.
Nikakirudisha kichupa uvunguni.
Siku hizi nayahesabu matundu
kama mpishi anavyohesabu sahani zilizolambwa.

Chozi alikuja Jumanne moja ya Septemba, nina kikombe mkononi.
Mweusi; akageuka juani, akawa kijani, akawa shaba,
akauzamisha mdomo kwenye bangili ya tatu kutoka juu.
Wavinya wa jirani, miaka sita, akanong'ona:
"Anaiba!"
Nikamwambia hapana.
Huyu anadai.

Jana nilipita Barabara ya Jogoo.
Kijana mwenye koti kama langu alikuwa amefika penye mfereji,
na pale, kwenye ufa wa saruji,
limesimama lile ua, limekauka, bangili zimejaa mbegu.
Nikamwambia, "Liruke hilo."
Akanitazama. Akamtazama msimamizi.
Akafyeka.

Sikumlaumu; naijua ile amri.
Wala hakujua kwamba mkono wangu ulikuwa umemtangulia:
nilitembea hadi Jericho
mfuko ukinichomachoma paja.